Zawadi Ndani ya Leso

Asubuhi ya Krismasi, chai haijapoa, sakafu ya sebule imeshatapakaa vipande vya karatasi za kung'aa: nyekundu, za dhahabu, za fedha. Watoto wamezichana kwa pupa, nyingine zimeingia chini ya kochi. Jioni zitafagiliwa. Pasipofika gari la taka, zitatupwa shimoni nyuma ya nyumba na kuchomwa, na moshi wake utaingia kwa jirani.

Shida ni kwamba nyingi kati ya hizo si karatasi. Ile inayometa kama kioo huwa ni plastiki tupu, au ni karatasi iliyobandikwa utando wa plastiki au wa metali, na kiwanda cha kurejeleza karatasi hakiitaki. Kuna kipimo cha nyumbani: ifumbate ngumini mpaka iwe donge, kisha iachie. Ikibaki donge, ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ni plastiki. Selotepu nayo ni plastiki, na zile chengachenga zinazometa juu ya kadi mara nyingi ni plastiki iliyokatwa vipande vidogo sana.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, na Tanzania Bara Juni 2019. Sheria hizo zililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa rambo ukaadimika sokoni, lakini mapambo ya zawadi yakaendelea kuning'inia madukani kila Desemba, pengine kwa kuwa hakuna anayeyahesabu kuwa mfuko.

Wala desturi yenyewe ya kufungia zawadi kwa karatasi za rangi si ya kale kama inavyodhaniwa. Mwaka 1917, katika mji wa Kansas City nchini Marekani, ndugu wa ukoo wa Hall, waanzilishi wa kampuni ya Hallmark, waliishiwa na karatasi laini za kufungia zawadi msimu wa Krismasi. Wakaweka mezani karatasi za rangi kutoka Ufaransa, zilizotengenezwa kwa ajili ya kutandika ndani ya bahasha, wakaziuza senti 10 kila moja. Zikagombewa mpaka zikaisha, na biashara mpya ikazaliwa.

Wajapani wao walikuwa na furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia na kubebea vitu, ambacho hurudi kabatini baada ya kazi. Plastiki ilipokaribia kukisahaulisha, Yuriko Koike, aliyekuwa waziri wa mazingira, alikinadi upya mwaka 2006, tena kwa kutumia kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za chupa za plastiki zilizorejelezwa.

Mama wa Mombasa au Unguja akisikia habari hizo atauliza: kwani hiyo si leso?

Ni kweli. Kanga, au leso kama waitavyo Wakenya, hata jina lake hilo la pili lilitokana na vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na Wareno, ambavyo baadaye wanawake wa pwani waliviunga vikawa vazi. Huuzwa kwa doti, vipande viwili, na hapo ndipo raha ilipo: kipande kimoja kinafunika, cha pili kinalala ndani, na mpokeaji hana cha kutupa. Kwa kuwa kanga si mraba, ikunjwe kwanza upande wa urefu mpaka iwe mraba. Zawadi iwekwe katikati, pembe mbili zinazotazamana zifungwe fundo, kisha mbili zilizobaki zifungwe juu yake. Selotepu ya nini?

Kadi pia haihitajiki, maana kanga ina jina. Anayetaka kushukuru atachagua "Wema hauozi", na kukunja kitambaa ili maneno hayo yatokeze juu.

Doti ina bei yake, na si kila zawadi inastahili gharama hiyo. Fundi cherehani ana gunia la mabaki ya vitenge, na mengi huishia jalalani. Kikapu cha ukili kinatosha kwa matunda, asali na viungo, na kiondo cha mkonge kitaendelea kwenda sokoni miaka mingi baadaye. Kamba ya katani inafunga vizuri kuliko utepe wa nailoni, na ua la asumini likichomekwa kwenye fundo linanukia. Asiye na muda wala hela aangalie ukutani: kalenda kubwa ya mwaka unaoisha ina picha nzuri na karatasi nzito, na Desemba kazi yake imekaribia kwisha. Ila nyingi zimepakwa utando, kwa hiyo zipite kwanza kwenye kile kipimo cha ngumi.

Na anayekwenda dukani kununua doti ya kufungia zawadi ya mama mkwe, asome jina kabla ya kulipa. Zawadi iliyofungwa kwa "Hasidi hana sababu" huenda isifunguliwe.