Je, Wajua? Mafuta ya Breki ya Silikoni

Je, wajua kwamba mafuta ya breki ya silikoni, yale ya rangi ya zambarau yenye alama ya DOT 5, hayanywi unyevu wala hayababui rangi ya gari yakimwagika, na ndiyo maana huwavutia wenye magari ya zamani yakaayo bandani miezi mingi? Walakini yana ila kubwa: maji yakipenya hayachanganyiki nayo, bali hutuama chini ndani ya silinda ya gurudumu, yakatia chuma kutu, na joto likizidi nyuzi 100 huweza kuchemka, tena hewa hunaswa ndani ya mafuta hayo kwa wepesi, pedali ikabonyea kama sifongo. Usiyachanganye abadan na DOT 3, DOT 4, wala DOT 5.1, ambayo, ijapokuwa majina yashabihiana, asili yake ni glaikoli.