KIDUMU CHA MWANJELWA KILIVYOMZIMISHA SHANGAZI

Nilishuka basi Iringa nikitokea Mbeya, nikaenda moja kwa moja Kihesa kwa shangazi. Hata pole ya safari sikupewa. "Kamwene mwanangu! Kidumu changu umeleta?"

Nilileta. Dawa ya sukari, lita moja, kutoka Mwanjelwa. Maji meusi, machungu kama nyongo. Muuzaji aliapa kwamba inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mkosi wa kazi. Jamani! Na mimi mtoto wa mjini nikatoa mshiko.

Siku ya tisa shangazi alizimika jikoni. Kupimwa hospitali, sukari 2.3! Kwa mgonjwa wa sukari, chini ya 4 tayari ni hatari. Akatundikiwa glukosi, akafumbua macho.

"Mama, umekunywa nini?" daktari akauliza. Shangazi kimya. Nikaropoka mimi: kikombe kila alfajiri kabla ya kula, juu ya vidonge vyake vya glibenklamidi.

KUMBE INAFANYA KAZI!

Nilitegemea daktari ayacheke majani. Wapi! Alisema yapo majani yanayoshusha sukari kweli, na hapo ndipo penye kasheshe: majani yanashusha, kidonge kinashusha, mgonjwa anaporomoka. Au mjanja mmoja amesaga vidonge humohumo. Bila kupima kidumu, nani ajue?

Kwa taarifa yako, metformin, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wengi wa sukari duniani, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Wataalamu walitengeneza dawa hiyo maabara mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Tofauti ni kipimo. Kidonge cha miligramu 500 leo ni kilekile kesho. Jani la masika na la kiangazi si sawa, na chungu cha huyu si cha yule.

PARACHICHI LINASEMAJE?

Wauzaji siku hizi wana neno jipya: antioksidanti. Kata parachichi la Rungwe, liache mezani. Linakuwa la kahawia. Likamulie limau, linachelewa. Limau limezuia ile "kutu". Sukari ikizidi mwilini, kutu ya namna hiyo huongezeka na kuumiza mishipa. Majani mengi yana kemikali za kuizuia, lakini kung'ara kwenye chupa ya maabara si kumponya mtu.

Tusisahau mwaka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikwenda kilometa na kilometa, na wapo waliotupa vidonge vyao wakijua wamepona. Ugonjwa haukutupwa.

Sisemi tiba asili ni uongo. Muhimbili kuna taasisi inayochunguza mitishamba tangu miaka ya 1970, na sheria ya mwaka 2002 inataka waganga na dawa zao wasajiliwe. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii inatibu yote", muulize usajili wake uone atakavyoingia mitini.

Na kama mzazi wako anakunywa majani, mwambie amweleze daktari, na vidonge asiache kienyeji. Akitokwa jasho jembamba, akitetemeka au kuishiwa nguvu ghafla, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari upesi, kisha hospitali. Akiwa amezimia usimnyweshe kitu, mkimbize.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shangazi alikaribia kuumbuliwa, na aliyebeba kidumu ni mimi.

Juzi kanipigia simu. "Ukija, niletee parachichi. Kidumu kaa nacho mwenyewe."