Kasi ya gari linaporudi nyuma

Vijana wapendao magari hubishana sana barazani kuhusu kasi. Hili lafika 180, lile lapita 220, na kila mmoja ana shahidi wake. Hivi karibuni mmoja wao aliugeuza ubishi huo akauliza: je, gari likitiwa rivasi na mafuta yakakanyagwa mpaka mwisho, laweza kufika kasi gani? Wenziwe wakacheka. Kwa maoni yangu swali lile lilistahili jibu, maana kila mwenye gari hurudi nyuma mara kadhaa kwa siku, ilhali ni wachache waliowahi kufikiri jinsi gari linavyoenenda likiwa katika hali hiyo.

Rekodi ya dunia iliwekwa mwaka 2023 katika uwanja wa kujaribia magari wa Papenburg, Ujerumani. Gari lilikuwa Rimac Nevera, la umeme, litengenezwalo nchini Kroatia, na dereva wake aliitwa Goran Drndak. Lilirudi nyuma kwa kasi ya kilomita 275.74 kwa saa. Mabasi yetu ya mikoani hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80 yakienda mbele. Gari lile lilizidi mara tatu ya kasi hiyo likitanguliza buti. Kabla yake rekodi ilishikiliwa tangu mwaka 2001 na Mwingereza Darren Manning, aliyefika takriban kilomita 165 kwa saa katika uwanja wa ndege wa Kemble, akiwa ndani ya Caterham ndogo yenye injini ya pikipiki ya Honda.

Hayo ni magari ya pekee. Gari la kawaida lililopo mlangoni pako haliwezi kukaribia kasi ya Manning, na sababu yake imo ndani ya giaboksi. Gari la gia za mkono lina gia tano au sita za kwenda mbele, ila ya kurudi nyuma ni moja tu, na nguvu zake hukaribiana na zile za gia namba moja. Hebu tufanye hesabu. Katika gari dogo, gia ya rivasi pamoja na difu huweza kuifanya injini izunguke kama mara 14 ndipo tairi lizunguke mara moja. Injini ikizungushwa hadi mizunguko 6,000 kwa dakika, ambapo huwa inalia kwa uchungu, tairi litazunguka mara 428 hivi. Tairi lenye mzingo wa mita 1.8 litakuwa limekwenda mita 771 kwa dakika, sawa na kilomita 46 kwa saa. Hapo ndipo mwisho wake.

Ule mlio wa kama mbinja unaosikika gari linaporudi nyuma nao una asili yake. Gia za mbele hukatwa meno ya mshazari, yakutanayo polepole na kwa hiyo hayapigi kelele. Ya rivasi, katika magari mengi ya gia za mkono, hukatwa meno yaliyonyooka, na kati yake huingizwa gia ndogo ya tatu inayogeuza mwelekeo wa mzunguko. Meno yaliyonyooka hugongana moja baada ya jingine. Watengenezaji hawakuona haja ya kugharimia utulivu wa gia itumikayo kwa sekunde chache tu.

Hata hivyo, wapo waliowahi kuitumia kwa safari ndefu. Mwaka 1930 Wamarekani wawili, Charles Creighton na James Hargis, waliondoka New York wakiwa na Ford Model A ya mwaka 1929 wakaelekea Los Angeles, pwani ya pili ya nchi yao, wakirudi nyuma njia nzima. Walipofika hawakuligeuza gari. Walirejea New York vilevile, kinyumenyume. Jumla walikwenda kilomita 11,555 kwa siku 42. Ukigawanya utapata wastani wa kilomita 275 kwa siku. Umbali walioutembea watu wale kwa siku nzima, wakiwa wamepinda shingo, Nevera ilifika kasi ya kuumaliza kwa saa moja.

Miaka michache kabla yao, rivasi ilikuwa na kazi nyingine isiyo ya mchezo. Ford Model T, iliyouzwa kuanzia mwaka 1908 hadi 1927, haikuwa na pampu ya mafuta. Petroli iliteremka kwa uzito wake kutoka kwenye tangi lililokuwa chini ya kiti. Kwenye mlima mkali, tangi likiwa na mafuta kidogo, injini ilikuwa juu kuliko mafuta yenyewe, nayo huzimika. Dereva aligeuza gari, akaupanda mlima kwa rivasi. Tena gia ile ilikuwa na nguvu kuliko zile mbili za mbele, hivyo mlima ulioshinda gia ya mbele uliweza kupandwa hivyo.

Waholanzi walikuja na jambo jingine. Mwaka 1958 kiwanda cha DAF cha Eindhoven kilitoa gari dogo lisilo na gia za kuhesabika. Nguvu zilipitishwa kwa mikanda ya mpira juu ya puli zinazobadilika upana. Mitambo ile haikujali inazunguka upande gani. Gari lile liliweza kurudi nyuma kwa kasi ileile liendayo mbele, na Waholanzi, watu wasiokosa mzaha, wakaanzisha mashindano ya magari hayo kukimbia kinyumenyume. Yalipinduka mengi.

Karibu zaidi na sisi ni bajaji. Nyingi kati yake zina mkono wa pekee wa rivasi, mbali na ule wa gia ulioko kwenye usukani. Mkono huo ukivutwa, gia za kawaida huendelea kufanya kazi, ila kinyume. Ndiyo maana huko Sangli, katika jimbo la Maharashtra nchini India, wenye bajaji huweza kushindana kurudi nyuma kwa mwendo wa kutisha, tairi moja la mbele likiburutwa nyuma kama mkia na watazamaji wamejipanga pembezoni mwa barabara. Kwa wenye bajaji wa mitaa yetu: tafadhalini, msijaribu.

Ama gari la umeme, halina giaboksi ya kugeuza. Mota huzunguka mbele au nyuma kwa kubadilishiwa tu mwelekeo wa umeme, na nguvu zake ni zilezile. Kinachozuia kasi ya rivasi ni amri iliyoandikwa ndani ya kompyuta ya gari. Na kwa nini waizuie? Hapa ndipo swali la yule kijana linapoacha kuwa la barazani.

Gari limeumbwa kwenda mbele. Magurudumu ya mbele, ndiyo yanayokata kona, yamefungwa kwa mwinamo maalumu unaoyafanya yajinyooshe yenyewe. Ukiachia usukani kidogo baada ya kona, wajirudia. Mfano wake ni vigurudumu vya toroli ya dukani: ukiisukuma, vigurudumu hujipanga nyuma ya egemeo lake na kutulia. Ukiivuta ghafla kinyume, hupepesuka na kugeuka. Gari likirudi nyuma, tabia ile ya kujinyoosha hugeuka kuwa tabia ya kujipinda. Kosa dogo la usukani haliishi, huzidi. Zaidi ya hayo, magurudumu yakatayo kona sasa yako mwisho wa safari, kwa hiyo sehemu ya gari ambayo dereva haitazami, yaani pua, ndiyo inayotupwa nje. Wanaoendesha folklifti bandarini wanalijua hili vizuri, maana mashine zao hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, na hufundishwa kwa mafunzo ya peke yake.

Breki nazo zina neno. Gari likienda mbele na kufunga breki, uzito huhamia mbele, ndiyo maana breki za mbele hutengenezwa kubwa. Likirudi nyuma uzito huhamia nyuma, kwenye breki ndogo, huku matairi ya mbele yenye breki kubwa yakiwa mepesi na rahisi kuteleza. Kwa mwendo wa kutoka uani hutaligundua hilo. Kwa kilomita 40 kwa saa utaligundua.

Lakini kusema kweli, watu hawafi kwa rivasi ya kilomita 40. Wanakufa kwa rivasi ya kilomita 5, nyumbani kwao. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kuwa nchini humo watu 210 hufa kila mwaka kwa kugongwa na magari yanayorudi nyuma, na wapatao 15,000 hujeruhiwa. Katika waliokufa, asilimia 31 ni watoto wa chini ya miaka 5, na asilimia 26 ni wazee wa miaka 70 na kuendelea. Zisome tena takwimu hizo. Zaidi ya nusu ni watoto wadogo na wazee, yaani wale ambao kila familia huwaacha nyumbani wengine wanapotoka na gari. Na dereva, mara nyingi mno, ni baba, mama, mjomba au babu.

Sheria ya Marekani iliyosainiwa na Rais George W. Bush mwaka 2008 ilibeba jina la mtoto wa miaka miwili, aliyegongwa uani na gari lililoendeshwa na baba yake. Baba huyo ni daktari wa watoto. Alikuwa ametazama vioo vyote. Ilichukua miaka kumi hadi kanuni kuanza kutumika kikamilifu: tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya liuzwalo Marekani lazima liwe na kamera ya nyuma inayoonyesha eneo la upana wa mita 3 na urefu wa mita 6.

Sisi kamera nyingi hutujia ndani ya magari yaliyokwisha kutumika Japani, skrini ikiwa na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna nyumbani awezaye kuyasoma. Kamera ni neema, lakini haimuoni mtoto anayekimbia kutoka ubavuni, na ikipakwa tope la masika haioni chochote. Mtoto wa miaka miwili kimo chake ni kama sentimita 85. Nyuma ya Noah au Prado, kioo cha nyuma huanzia juu ya kichwa chake. Anaweza kusimama hapo akiwa na mpira mkononi, na dereva aliyegeuka vizuri na kutazama asione ila ukuta wa jirani.

Hapo hesabu ya kasi huwa na maana kuliko rekodi yoyote ya Papenburg. Dereva anayesikia ukelele huchukua kama sekunde moja na nusu mpaka mguu wake ufike kwenye breki. Kwa kilomita 10 kwa saa, ambayo hakuna mtu angeiita kasi, gari linakuwa limekwenda zaidi ya mita 4 kabla breki haijaguswa. Ni zaidi ya urefu wa Vitz. Kwa kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu atembeaye polepole, linakuwa limekwenda mita moja na robo. Hiyo tofauti ya karibu mita tatu ndiyo anayosimama ndani yake mtoto aliyeitwa na mama yake akageuka.

Madereva wa malori tangu zamani walikuwa na utingo. Aliteremka, akasimama nyuma pembeni anapoonekana kiooni, akaita: njoo, njoo, njoo, simama! Familia nyingi zina watu wa kutosha kwa kazi hiyo, ila haifanywi kwa kuwa gari ni dogo. Mtu mzima mmoja awashike watoto wote mikono kabla injini haijawashwa. Kuwaambia waondoke tu haitoshi, maana mtoto anayeagana na baba yake hulifuata gari.

Katika uwanja wa msikiti wetu, baada ya sala ya Ijumaa, magari thelathini yalikuwa yakirudi nyuma kwa pamoja kati ya watu wanaovaa viatu, watoto wanaonunua ubuyu na wazee wanaosalimiana. Kamati iliamua kila gari liegeshwe likiwa limetazama lango: mtu arudi nyuma anapofika, uwanja ukiwa mtupu na yeye akiwa na utulivu, kisha atoke akitazama mbele. Baadhi ya wazee walilalamika kuwa shingo zao hazigeuki tena, na walikuwa na haki. Kwa hiyo vijana wawili husimama langoni kuanzia saa sita kasorobo kuwaongoza. Yule aliyeuliza swali la barazani ni mmoja wao, na huwapigia kelele wanaorudi nyuma kwa haraka kuliko anavyomkaripia yeyote mwingine.