Kamusi, Simu au Sentre: Kiingereza cha Juu kwa Franga Chache

Kiingereza cha salamu hakikupi kazi ya ofisini wala ya usalama mgodini. Usaili unadai maneno ya ripoti, mikataba na kanuni, na wauzaji wa masomo wanajua una haraka. Mkazi wa Kapata, huko Kolwezi, mwenye franga za kuhesabu aanze kwa kujua cha kuacha.

Acha vijitabu vya "maneno magumu". Bei yake ni ndogo, lakini ndani mna safu mbili tu: Kiingereza huku, Kifaransa kule. Chukua neno "comply", lisilokosekana kwenye kanuni za usalama. Kijitabu kitakupa Kifaransa chake, nawe kwa mazoea ya Kifaransa utaandika "comply to". Sentensi moja ya mfano ingekuonyesha kwamba ni "comply with". Sentensi hiyo ndiyo unayolipia. Idadi ya maneno inayotangazwa kwenye jalada ni mapambo.

Tafuta basi kamusi ya wanafunzi wa lugha, ya Kiingereza kwa Kiingereza. Usiichanganye na ile waliyotungiwa Waingereza wenyewe, inayoeleza neno gumu kwa maneno magumu zaidi. A. S. Hornby, mwalimu aliyekuwa Japani, alichapisha ya wanafunzi huko mwaka 1942. Siku hizi ziko zinazoeleza karibu kila kitu kwa maneno 2,000 hivi ya kawaida. Kama hayo 2,000 bado yanakushinda, ya Kifaransa na Kiingereza itakufaa zaidi kwa sasa.

Kamusi mpya ni ghali, na pengine itabidi uiagize Lubumbashi, gharama ya usafiri juu yako. Ya mtumba inatosha kabisa. Toleo la miaka 20 iliyopita halina maneno ya simu za kisasa, lakini lugha ya mikataba haijahama. Kabla ya kuuliza "Yaya, bei ya mwisho ngapi?", kagua mgongo wa kitabu: ulioshonwa hudumu, wa gundi tupu huachia kurasa mapema. Tazama kama A na Z bado zimo, maana kurasa za pembeni ndizo hutoka kwanza.

Fotokopi ya kamusi nzima ni hasara. Ya ngazi ya juu hupita kurasa 1,500. Zidisha kwa bei ya ukurasa mmoja, kisha ongeza kuunganisha. Na herufi zake ni ndogo mno, kwenye nakala hafifu hutazisoma.

Simu je? Kama unayo tayari, ni njia ya bei ndogo kuliko zote, mradi programu ya kamusi ifanye kazi bila intaneti. Ile inayodai mtandao kila unapotafuta neno itakula mega zako, matangazo nayo yakila nyingine. Ipakue mara moja, zima data, ujaribu neno moja papo hapo. Majaribio ya bure yanayotaka namba ya kadi ya benki yakimbie: muda ukiisha wanaanza kukata. Umeme ukikosekana, hesabu pia bei ya kuchajisha.

Sentre ndiyo ghali, na bei ya mwezi unayotajiwa si yote. Uliza kiingilio, silabasi, mtihani na brevet, kila kimoja peke yake. Jumlisha nauli ya moto kwenda mjini na kurudi. Wakitaja dola nawe una franga, uliza kiwango chao kwanza; noti ya dola iliyochanika kidogo wataikataa. Kinachostahili pesa pale ni mwalimu anayekusahihisha ukizungumza. Kama darasani mnanakili maneno ubaoni tu, kamusi ingekufanyia hivyo kwa miaka.

Cha bure kipo. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma. Kuichapa ni kurasa chache tu. Haina maana wala mifano, kwa hiyo bila kamusi haikusaidii, na maneno ya machimbo utayaongeza mwenyewe kutoka kwenye matangazo ya kazi.

Mwenye miezi kadhaa mbele yake achange na majirani wawili au watatu, wanunue kamusi moja ya mtumba na kila mmoja daftari lake. Mwenye usaili wiki ijayo asinunue kitabu wala asijiandikishe popote: apakue programu, anakili tangazo la kazi analoliomba, na kila neno asilolijua alitungie sentensi ya kazi hiyo.