Kwa nini ‘chaza wa leo’ huenda asiwe salama

KATIKA mikahawa ya vyakula vya baharini, iwe Kilifi au New York, sifa ya kwanza anayotajiwa mteja ni kwamba kitoweo kimetoka baharini siku iyo hiyo. Kwa samaki, dalili huonekana wazi: jicho hung’aa, matamvua huwa mekundu na mnofu hurudi ukibonyezwa. Kwa chaza, sifa hiyo pekee haitoshi.

Chaza huliwa mzima, utumbo na vyote, na aghalabu akiwa hai. Ganda lake likiwa limefumba, au likijifumba linapogongwa, muuzaji hajadanganya: chaza yungali hai. Hata hivyo, ganda hilo halimwelezi mlaji chaza huyo alikulia katika maji yapi.

Hapo ndipo penye hatari. Chaza akishajishikiza kwenye mwamba au mzizi wa mkoko, hubaki papo hapo maisha yake yote, akijilisha kwa kuchuja maji. Chaza mkubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Maji yakiwa safi, kazi hiyo ni neema kwa bahari. Yakichanganyika na majitaka, viini vya homa ya matumbo, kipindupindu na homa ya ini hukusanyika mwilini mwake bila kubadili ladha yake.

Wamarekani walijifunza hayo kwa gharama kubwa. Kati ya mwisho wa 1924 na mwanzo wa 1925, homa ya matumbo iliwakumba watu wapatao 1,500 katika New York, Chicago na Washington, na takriban 150 wakafariki. Uchunguzi uliwaelekeza wataalamu kwa chaza. Mwaka wa 1925 ukaanzishwa mpango wa kitaifa wa kusimamia biashara hiyo. Leo kila gunia la chaza nchini humo huwa na lebo inayoonyesha muuzaji, tarehe na mahali walikotolewa, na mkahawa hutakiwa kuihifadhi kwa siku 90 baada ya gunia kwisha. Mteja akiugua, chanzo hufuatiliwa.

Hata lebo ina mipaka yake. Bakteria za jamii ya Vibrio huishi zenyewe katika bahari yenye joto, hata pasipo na majitaka. Barafu huzipunguzia kasi ya kuzaana tu. Ndimu na pilipili, licha ya imani ya wengi, haziziui.

Suala hili latuhusu. Chaza huchokolewa maji yanapokupwa kwenye mikoko na miamba ya hori zetu, ambako maji ni ya joto mwaka mzima. Isitoshe, sehemu kubwa ya Mombasa haijaunganishwa na mabomba ya majitaka.

Kwa hivyo, mlaji asiishie kuuliza chaza ametolewa lini; aulize pia ametolewa wapi. Asiporidhika na jibu, aagize wapikwe: magamba yakishafunguka, waendelee kuchemka kwa dakika tatu hadi tano, na wasiofunguka watupwe. Waja wazito, wagonjwa wa ini na wenye kinga dhaifu wasile chaza mbichi kamwe.

Mwenye mkahawa anayejua chaza wake wanakotoka hatakerwa na swali hilo.