Godoro Halitaki Mafuta ya Taa

Juma lililopita nilimkuta jirani yangu ameshika kopo la mafuta ya taa, tayari kulinyunyizia godoro la sponji. Kisa, kunguni. Mwanawe wa miaka 4 ndiye angelilalia usiku ule. Nikamsihi aache.

Sponji hushika moto upesi, na moshi wake ni sumu. Dawa ya shambani nayo si ya kitandani. Mtoto ataivuta usiku kucha.

Kunguni hujificha kwenye mishono ya godoro na nyufa za kitanda. Fua shuka na foronya kwa maji ya moto, sugua mishono kwa brashi, kisha mwagia nyufa za chaga maji yanayochemka. Rudia kila juma, kwani mayai yaliyosalia huanguliwa baadaye.

Mtoto akikojoa, usiliroweshe godoro. Maji yakibaki ndani huleta ukungu. Kausha kwa kitambaa, pangusa kwa maji baridi yenye sabuni kidogo, kisha lisimamishe juani, pande zote mbili.

Jirani alinisikiliza. Usiku ule mtoto alilala mkekani, na mkeka si aibu. Hadi juma lijalo, kwaherini.