Geti na Ukuta: Sababu za Kujengwa kwa Mitaa Yenye Ulinzi

Mtu wa Dar es Salaam akimwita kijana "mtoto wa geti kali" hasemi habari za mlango. Asema kwamba kijana huyo amelelewa ndani, mbali na wenzake wa mtaani. Kiswahili kina neno lango tangu zamani, tena kina bawabu wa kulilinda; ila maneno hayo aghalabu yalihusu ngome, jumba la mtawala, au mji mzima. Geti ni neno la kukopa, na siku hizi lataja pia kitu kipya: maingilio ya kundi la nyumba za watu wasiojuana, waliokutanishwa na mwuzaji mmoja.

Kwa nini mwuzaji huyo apende kujenga hivyo? Wengi hujibu kwamba ni hofu ya wezi. Hofu ipo, wala haifai kubezwa. Lakini mwivi peke yake haelezi yanayoonekana pembezoni mwa Nairobi, upande wa Kiambu, Machakos na Kajiado, ambako mashamba ya kahawa na malisho ya ng'ombe yamekatwa viwanja. Huko mara nyingi mjenzi hukuta ardhi isiyo na maji ya bomba, wala mfereji wa maji machafu, wala barabara ya maana. Humlazimu achimbe kisima na kutengeneza njia, na gharama hizo aziingize katika bei ya nyumba. Sasa, njia iliyo wazi hutumiwa na kila apitaye, na mnunuzi hapendi kulipia cha wote. Ukuta ndio uigeuzao njia kuwa bidhaa.

Kisha kuna mkataba. Nyumba nyingi za namna hii nchini Kenya zimeuzwa kwa hati ya kukodi ya miaka mingi, na njia na bustani zikabaki mikononi mwa kampuni ya usimamizi ambayo wanunuzi ndio wanahisa wake. Kila mmoja hutoa ada ya huduma, naye aweza kukatazwa kubadili rangi ya ukuta, kufuga kuku au kufungua duka. Mjenzi auzaye kwa awamu hupata hivyo hakika kwamba wanunuzi wa kwanza hawatashusha bei ya nyumba za mwisho. (Faida hiyo si ya kutangazwa.)

Serikali za mitaa nazo hazinung'uniki. Huko California, wapiga kura walipopunguza kodi ya majengo mwaka 1978, miji mingi iliona nafuu kumwachia mjenzi na wanunuzi wake mzigo wa barabara na taa.

Si kweli kwamba ukuta wa kutenga watu ni mgeni pwani. Gedi, mji ulioachwa katika karne ya 17, ulikuwa na kuta mbili: msikiti mkuu na majumba ya mawe yalikuwa ndani ya ule wa ndani, na nyumba za udongo zilikuwa baina ya kuta hizo. Lakini ukuta wa Gedi haukutegemea ada ya kila mwezi. Katika mtaa wa geti, ada isipolipwa pampu ya kisima husimama na askari huondoka. Na kwa kuwa njia si ya serikali, mkazi hana diwani wa kumdai. Walio nje huuzunguka ukuta ule ule, ulipe au usilipwe, wakitafuta njia ya kwenda sokoni.